Mashine Mpya Katika Chama: Wanachama Waamue Kwanza

Ndugu mkulima wa skimu, huenda chama chako cha ushirika cha maziwa kimekwisha kununua mizani ya umeme, au kitainunua karibuni. Pengine kina tangi la kupozea maziwa, na malipo ya mwezi huingia katika simu yako bila wewe kupanga foleni mbele ya dirisha la karani. Haya ni mambo mema, wala mimi siyapingi. Lakini nataka tutazame jambo moja ambalo katika mikutano mingi halizungumzwi. Mashine za namna hii hazibadilishi kazi ya karani peke yake. Zinabadilisha hata sababu iliyowafanya watu waingie chamani, na chama kisichojiuliza habari hiyo mapema kitakuwa na vyombo vizuri lakini maziwa yatakwenda kwingine.

Kumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Wazee waliopewa ploti tangu mwaka 1962, mashamba ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kugawanywa, waliingia chamani kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kuuza. Lori la KCC halikuweza kusimama kwenye lango la kila mtu mwenye ng'ombe wawili. Maziwa yalikusanywa mahali pamoja, yakapimwa, yakaandikwa katika daftari moja, na fedha zikaja kwa hundi moja. Chama kilikata deni la shamba, ambalo lilikuwa la miaka 30, na deni la maendeleo, kisha kikamgawia kila mtu kilichobaki. Basi chama kilikuwa mizani, daftari na mfuko. Wengine walikiona kuwa mkusanya madeni tu, na hawakukosea sana.

Leo kazi hizo tatu zinaweza kufanywa na kijana mmoja mwenye pikipiki. Anakuja mlangoni na mizani ndogo, anaandika hesabu katika simu yake, na jioni ile ile analipa kwa M-Pesa, ambayo ilianza hapa Kenya mwaka 2007. Tangu biashara ya maziwa ilipofunguliwa mwaka 1992, hakuna anayemzuia mkulima kumwuzia mnunuzi mwingine. Kijana huyo hana ofisi, hana mlinzi, halipi posho ya kikao cha halmashauri. Mara nyingi anatoa shilingi moja au mbili zaidi ya chama, hasa wakati wa kiangazi. Halmashauri nyingi humtukana katika mikutano na kumwita adui wa ushirika. Matusi hayo hayaleti hata kilo moja ya maziwa. Afadhali tuulize: chama kinaweza kufanya nini ambacho yeye hawezi?

Kabla ya kujibu, natamani mjue habari za Denmaki, kwa maana huko wakulima wadogo walikutana na swali kama hili zamani sana. Siagi nzuri ya nchi ile ilikuwa ikitoka katika mashamba makubwa. Mwenye shamba kubwa alikuwa na maziwa mengi ya kundi moja, barafu na wafanyakazi waliojua kazi. Mkulima mdogo alitengeneza siagi yake jikoni, nayo ilipata bei mbaya. Wala haikufaa wadogo kuchanganya maziwa yao, kwa sababu maziwa yaliyotikiswa njiani ndani ya gari hayapandishi malai vizuri yakitulizwa katika chombo. Ndipo ikaja mashine ya kuzungusha maziwa kwa nguvu na kutenga malai, iliyoanza kutumika karibu na mwaka 1878. Mashine hiyo haikujali kama maziwa yametikiswa au yametoka mazizi ishirini. Lakini ilitaka maziwa mengi, na bei yake haikuwa ya mtu mmoja.

Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, upande wa magharibi wa nchi ile, wakaungana na kufungua kiwanda chao cha siagi. Angalieni waliyopatana. Kila mwanachama alifunga ahadi ya kuleta maziwa yake yote, isipokuwa ya nyumbani kwake. Faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta mtu. Na katika kupiga kura walihesabu watu, hawakuhesabu ng'ombe. Mwenye ng'ombe arobaini na mwenye ng'ombe watatu walikuwa na kura moja moja. Katika miaka michache viwanda kama hicho vilienea nchi nzima.

Mambo hayakuishia hapo. Kwa muda watu walilipwa kwa uzito tu, na mahali popote penye malipo ya namna hiyo maji huingia katika maziwa. Mwaka 1890 Bwana Stephen Babcock wa Wisconsin, Marekani, alitangaza njia rahisi ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa. Kuanzia hapo vyama vya maziwa viliweza kulipa kwa ubora, na mwenye kutia maji alijidhuru mwenyewe. Halafu yakaja malori na barabara nzuri, na viwanda vya vijijini vikaanza kuungana kimoja baada ya kingine. Leo wakulima wengi wa Denmaki ni wenye chama kimoja kikubwa, Arla Foods, kilichoungana na wenzao wa Sweden mwaka 2000. Wanapata soko la dunia, lakini kiwanda cha kijijini ambacho babu alikwenda kwa miguu na kumkuta meneja anayemjua kwa jina hakipo tena. Mimi sisemi kwamba walifanya vibaya. Nasema kwamba kila mashine iliwapa kitu na kuwanyang'anya kitu, na waliofaidika ni wale waliokaa kwanza wakapatana jinsi watakavyoitumia.

Sisi hapa tumeona pande zote mbili. KCC ilianzishwa na walowezi huko Naivasha mwaka 1925 kama chama cha ushirika, na baadaye wakulima Waafrika wakawa ndio wanaoleta sehemu kubwa ya maziwa. Viwanda vilikuwa vizuri. Lakini katika miaka ya 1990 ilielemewa na madeni, wakulima wengi wakakaa miezi bila malipo, na mwaka 2003 Serikali ikabidi kuichukua na kuifufua kwa jina la New KCC. Upande wa pili kuna chama cha Githunguri katika Kiambu, kilichoanza mwaka 1961. Soko lilipochafuka hawakungoja kuokolewa. Walikopa, wakajenga kiwanda chao kikaanza kazi mwaka 2004, na maziwa yao ya Fresha yanauzwa madukani.

Sasa kila halmashauri ikisikia habari za Githunguri inataka kiwanda. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Githunguri wako karibu na Nairobi, na walikuwa na maziwa mengi ya kukusanya kabla ya kujenga. Chama chenye wanachama mia tatu, nusu yao wakiuza kwa pikipiki, hakipaswi kutamka neno kiwanda. Kianze na tangi, na hata tangi kilipigie hesabu.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Namba hizi ni za mfano tu. Tangi linachukua lita 3,000. Umeme, mafuta ya jenereta wakati umeme unapopotea, mshahara wa karani na mlinzi, na dawa za kusafishia, vyote pamoja tuseme ni Sh. 90,000 kwa mwezi. Tangi likijaa kila siku, mwezi mzima zitapita lita 90,000, na kila lita itabeba gharama ya shilingi moja. Likipata lita 900 tu kwa siku, zitapita lita 27,000 kwa mwezi, na kila lita itabeba Sh. 3 na senti 33. Umeme hauulizi tangi limejaa au ni tupu. Hizo shilingi mbili na zaidi zinazopotea ndizo anazokuongeza yule kijana wa pikipiki, naye anakuchukulia maziwa yaliyokusudiwa kujaza tangi. Kwa hiyo kila mwanachama anayetoka anampandishia gharama jirani yake aliyebaki. Katika miaka ya karibuni Serikali imevipa vyama vingi matangi ya kupozea, lakini mahali pengine yamekaa bila kazi. Si kwa sababu ni mabaya, bali hakuna aliyehesabu maziwa kabla tangi halijafika.

Lakini tangi lina jambo moja kubwa, nalo ni maziwa ya jioni. Lori linapokuja asubuhi tu, maziwa ya jioni hunywewa, hupewa ndama, au huuzwa kwa jirani kwa bei ya huruma. Maziwa yenye joto la ng'ombe yakikaa usiku kucha huharibika, maana vijidudu vyake huzaana upesi mno. Yakipozwa hadi nyuzi 4 hivi, yatafika kiwandani yakiwa salama. Kijana wa pikipiki hana nyuzi 4. Chama kinachotaka kushindana naye kifungue mlango jioni na kutafuta chombo cha kukusanya maziwa hayo njiani. Nimeona matangi yanayofungwa saa nne asubuhi hadi kesho yake. Hilo ni kununua ng'ombe na kumkamua upande mmoja.

Nije kwenye mizani. Katika mizani ya zamani ya mshale, karani alisoma kwa macho yake na kuandika kilo nzima. Mama alileta kilo 7 na gramu 400, ikaandikwa 7. Katika mwezi wa siku 30 alipoteza kilo 12. Tukisema kilo ni Sh. 45, hiyo ni Sh. 540, yaani karatasi za daftari za watoto. Mizani ya umeme inaonyesha gramu, inatoa karatasi ndogo au ujumbe wa simu, na hesabu inakwenda ofisini bila kunakiliwa tena. Ni haki kubwa kwa mwenye maziwa machache, na kwa sababu hiyo peke yake mimi naiunga mkono. Hata hivyo mizani ya umeme nayo hudanganya ikiachwa. Ipelekwe kwa afisa wa vipimo wa kaunti ikapigwe muhuri, na mwanachama yeyote awe na ruhusa ya kuuona muhuri huo. Tena ulizeni jambo dogo: chama kinanunua kwa kilo na kuuza kwa lita, au namna gani? Lita 100 za maziwa ni karibu kilo 103. Hizo tatu zinaandikwa wapi? Anayejua atawajibu kwa dakika moja.

Lililo zito zaidi ni daftari. Daftari la karatasi lilikuwa katika kabati la chama, na ufunguo wake ulijulikana. Siku hizi hesabu za wanachama wote, namba zao za vitambulisho, simu zao na madeni yao vimo katika programu ya fundi wa mjini, na chama kinamlipa ada kila mwezi. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiligombana na fundi wake juu ya ada, naye akafunga mlango wa programu. Kwa majuma mawili hakuna aliyejua mkulima gani anadai kiasi gani. Walirudi kwenye vikaratasi vya mizani ambavyo akina mama walikuwa wamevitunza ndani ya vikombe kabatini. Basi kabla ya kutia sahihi, halmashauri iandike katika mkataba kwamba hesabu ni mali ya chama, kwamba nakala yake italetwa ofisini kila juma, na kwamba fundi hana ruhusa ya kumwuzia mtu mwingine habari za wanachama. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda habari za watu. Mwenye duka la dawa za mifugo angefurahi sana kupata orodha ya wenye ng'ombe wa skimu nzima. Orodha hiyo msimpe bila kuamua wenyewe.

Sasa nijibu lile swali la kijana wa pikipiki. Kitu asichoweza ni kukopesha akingojea maziwa. Chama kinaweza kumpa mwanachama chakula cha ng'ombe, dawa, mbegu za majani, na kumpandishia ng'ombe bila fahali, kisha kikakata fedha mwisho wa mwezi. Hakuna haja ya hati ya shamba kuwekwa rehani, maana dhamana ni maziwa yenyewe. Chukueni hiyo kazi ya kupandisha. Kituo cha mbegu za mafahali kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1966 Serikali iliendesha huduma ya nchi nzima. Gari lilipita njia zile zile saa zile zile, na mkulima alimleta ng'ombe barabarani akangoja. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza mkono wake, watu wa binafsi wakashika kazi, bei ikapanda, na wengi wakarudi kwa fahali wa jirani. Simu imeleta nafasi mpya. Ng'ombe akionekana anataka dume asubuhi, apandishwe jioni ile. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Zamani gari la njia halikuweza kufuata saa za ng'ombe. Leo mtaalamu wa chama, naye akiwa na pikipiki yake, anaweza kuitwa kwa simu na kufika kwa wakati, na ujumbe wa kukumbusha siku ya kuangalia kama ng'ombe amerudia ukaja baada ya majuma matatu. Chama kinachotumia simu kulipa tu, na hakiitumii kwa kazi hii, kimechukua maganda na kuacha embe.

Mtasema, mwanachama atachukua chakula kwa mkopo kisha auze maziwa pembeni. Ni kweli, wapo. Lakini wengi wao hawaendi kwa pikipiki kwa ubaya. Wanakwenda kwa sababu mtoto amefukuzwa shule tarehe 9 na chama kinalipa tarehe 5 ya mwezi ujao. Daftari la karatasi halikuruhusu malipo ya mara nyingi. Karani angekufa kwa kazi. Sasa linaruhusu. Maoni yangu ni kwamba mwanachama anayetaka alipwe sehemu kila juma, tuseme theluthi ya maziwa yake, na zilizobaki zingoje mwisho wa mwezi kwa ajili ya makato. Kila siku ni ghali, kwa kuwa kila kutuma kuna ada. Faini na vitisho tumevijaribu, navyo havijazi tangi.

Kuna jambo ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda. Katika skimu zetu namba ya chama mara nyingi ni ya baba, kwa sababu ploti ni yake, lakini anayeamka saa kumi na moja kukata majani na kukamua ni mama. Wakati wa malipo ya mkononi, mama aliyepeleka maziwa alijua siku ya fedha, na mara nyingi ndiye aliyetumwa kuzichukua. Sasa fedha zinaingia kimya katika simu ya baba, na mama anaambiwa maziwa yalikataliwa. Mashine imefanya siri jambo ambalo zamani lilikuwa wazi. Dawa yake si ngumu: namba moja iandikwe majina mawili, ujumbe wa mizani na wa malipo uende katika simu zote mbili, na fedha zigawanywe kama wenye nyumba walivyoagiza kwa maandishi. Hapo mama atapata pia haki ya kusema mkutanoni, maana anayejua kwa nini maziwa yamepungua ni yeye. Chama kikimkosa yeye kimekosa maziwa. Haamui mwenye hati nani apewe maziwa ya jioni.

Tena kuna namba za marehemu. Wazee wengi wa mwanzo wamefariki, ploti zimegawanywa kwa watoto, lakini daftari bado lina jina la mzee. Mnapohamisha hesabu kwenye kompyuta, msihamishe wafu. Kila ukoo uitwe, mrithi aandikwe, hisa zihamishwe kwa utaratibu. Bila hivyo hamtajua idadi halisi ya wanachama, na mtu mwenye hila atapata kura za watu ambao hawapo.

Juu ya kura, wapo vijana wanaotaka halmashauri ichaguliwe kwa simu ili wanaofanya kazi mijini washiriki. Nawaelewa, lakini sikubali. Tangazo la mkutano, taarifa ya hesabu na bei ya mwezi zitumwe kwa simu, na ziwafikie siku nyingi kabla ya mkutano ili watu wazisome. Uchaguzi wenyewe ubaki uwanjani, watu wakionana. Simu ya mzee mara nyingi iko mkononi mwa mjukuu, na neno la siri analijua kila mtu nyumbani. Siku tutakapokuwa na njia ya kumhakikisha mwenye kura, tutazungumza tena.

Basi mkutano mkuu wa mwaka unapokaribia, kama halmashauri inataka kununua chombo chochote kipya, mwandikieni katibu mapema kwamba jambo hilo liwekwe katika ajenda, kwa muda uliotajwa katika sheria ndogo za chama chenu. Mwombeni alete mkutanoni hesabu ya maziwa ya kila mwezi kwa mwaka uliopita, jumla ya asubuhi na ya jioni, idadi ya wanachama walioleta maziwa kweli si walioandikwa tu, na mkataba wa fundi usomwe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Kama mkopo unatakiwa, ulizeni kila lita itakatwa senti ngapi na kwa miaka mingapi. Kama majibu hayajawa tayari, ahirisheni ununuzi hadi kikao kingine. Wauza mashine watarudi. Hao hawachoki kuja.